Uso wa Mkunga, Mara Tano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua bado liko nyuma ya paa la kituo cha afya, na ukuta wa mbele wote umo kivulini. Juu ya jukwaa la mbao, mwanamke aliyekaza gauni kiunoni kwa kamba anavuta ukanda mweusi wa mpira kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto umeshika chaki. Ukanda umekaza kama mshipa wa shingo ya mtu anayegomba.

Chini, hatua chache upande wa kushoto, mwanamke mwingine amepiga goti mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Pua yake nusura iguse karatasi.

“Vuta!” anapaza sauti wa chini. “Vuta wifi, kwani hukula?”

“Nimekula. Wewe tazama uzi.”

“Panda. Panda kidogo. Umepita! Shuka. Hapo! Hapo hapo, usipumue!”

Chaki inagonga ukuta na kuacha nukta nyeupe. Kwa mpita njia ni nukta tu. Kwa wanawake hawa wawili ni pembe ya jicho la mtu wanayemfahamu, na ikikaa vibaya, mtaa mzima utajua.

Aliye juu anaitwa Mama Ukuta. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani kwake, na amelivaa kama nishani. Ana miaka arobaini na mmoja, mabega ya mbeba mizigo na sauti isiyohitaji kipaza. Kazi yake ni kuchukua picha ndogo na kuifanya kubwa, iwe ya mwalimu, ng'ombe, jino la tangazo la daktari wa meno au bondia wa kwenye ukumbi wa mazoezi. Hatumii mashine. Anatumia msumari, mpira na macho ya wifi yake.

“Watu huuliza siri,” anasema huku akishuka jukwaani. “Siri gani? Msumari huo hapo, mpira huu hapa. Asiyeona hataki kuona.”

Siri, kama ni siri, inaelezeka hata kwa aliyeikimbia hesabu darasani. Mpira umekatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukanda mmoja mrefu. Ncha moja imefungwa kwenye msumari uliopigiliwa ukutani. Ukanda umepimwa sehemu tano zilizo sawa, na mwisho wa sehemu ya kwanza kutoka msumarini umefungwa uzi mwekundu. Karatasi yenye mchoro mdogo inabandikwa karibu na msumari. Mama Ukuta anavuta ncha ya mbali mpaka wifi yake aone uzi mwekundu umekaa juu ya mstari wa mchoro. Mahali mkono wake ulipo wakati huo, hapo ndipo mstari uleule unapopaswa kuwa ukutani.

Mpira ukivutwa, sehemu zote tano zinarefuka pamoja. Uzi hauachi kamwe kuwa kwenye moja ya tano ya safari. Basi kila nukta ya karatasi inasukumwa kutoka kwenye msumari, kwa njia iliyonyooka, hadi umbali wake mara tano. Pua inarefuka mara tano. Nafasi kati ya jicho na jicho, mara tano. Ila mkunjo wa kona ya mdomo, ile pembe yake hasa, haubadiliki hata kidogo. Umbo linakuwa kubwa bila kuwa umbo lingine.

“Ndiyo maana unamjua mtu,” anasema Mama Ukuta. “Ukimnyoosha upande mmoja tu, umemtukana. Mkuze pande zote sawasawa, ni yeye yule, ila sasa huwezi kujifanya hukumwona.”

Na kwa nini kivulini? Wifi anajibu kabla hajaulizwa. “Mpira ukiwa nusu juani, nusu kivulini, upande wa jua unalegea. Unavutika ovyo. Siku moja tulimchora fundi cherehani saa nne asubuhi, akatoka na shingo ya twiga. Mwenyewe alipenda, lakini mke wake alikataa kulipa.”

*

Safari hii anayechorwa si wa kuchezewa.

Ni mkunga wa kituo hiki. Amepokea watoto katika wodi ya wazazi kwa zaidi ya miaka thelathini, na Ijumaa ya wiki hii anastaafu. Wauguzi walichanga wakamtengenezea picha yake ndani ya fremu ya kioo, wakamwonyesha mapema ili aseme kama ameipenda. Aliishika, akaileta karibu na uso, akaizungusha kuelekea dirishani, kisha akauliza kwa upole, “Huyu ni nani?”

Hapo ndipo walipojua kile alichokuwa akikificha. Macho yanafifia. Umbo kubwa bado analiona, la mlango, la kitanda, la mtu aliyesimama karibu. Vitu vidogo vimekwisha kumpotea. Daktari wa macho amemwambia dawa itachelewesha tu, na hakumtajia itachelewesha hadi lini.

“Tulirudi ofisini tukalia,” anasimulia muuguzi mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. “Halafu mmoja wetu akasema, kama picha ndogo haioni, si tumpe kubwa? Tukauliza, kubwa kiasi gani? Tukatoka nje tukautazama ukuta.”

Mama Ukuta alipoitwa hakuomba picha ya fremu. Aliomba mkunga mwenyewe. Walikaa kwenye benchi la ua mchana mzima, mmoja akichora kwenye karatasi kubwa ya urefu wa mkono, mwingine akimwamrisha.

“Usinipunguzie makunyanzi,” mkunga alimwambia. “Nimeyatolea jasho.”

“Sipunguzi kitu, mama.”

“Na kovu la kwenye nyusi uliweke. Kuna mzazi alinipiga teke uchungu ulipombana. Mtoto mwenyewe siku hizi ni polisi. Nikimwona namwambia, wewe ulinishambulia kabla hujazaliwa.”

Karatasi ilipokamilika, muuguzi mkuu aliishika akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Ukuta hakuridhika. Aliirudia mara kadhaa, akifuta na kuchora upya mstari mmoja wa shavu.

“Watu hudhani kukuza kunaficha makosa,” anasema. “Kunayatangaza! Mstari uliokosea unene wa unywele hapa, kule ukutani umekosea unene wa kamba. Uongo mdogo ukikuzwa ni uongo mkubwa. Kwa hiyo mimi sipandi jukwaani mpaka karatasi iseme kweli.”

*

Hakuzaliwa kwenye rangi. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala, mama yake alifua nguo za watu. Darasani alipenda somo moja tu, hesabu za maumbo. Anakumbuka mwalimu wake, bwana mfupi mwenye suruali iliyopanda juu ya kitovu, akiwafundisha mambo manne unayoweza kulitendea umbo: kulihamisha, kulizungusha, kuliakisi kama kwenye kioo, na kulikuza.

“Alisema yale matatu ya kwanza ni matembezi. Umbo linatoka nyumbani linarudi vilevile, halijanenepa wala kukonda. Lakini la nne, alisema, hilo ndilo shibe.” Anacheka. “Akatoa mpira wa kufungia noti mfukoni, akafunga fundo, akakuza pembetatu ubaoni bila rula. Mimi nikasema, kumbe! Siku hiyo hata kengele ya chakula sikuisikia.”

Shule aliiacha kidato cha pili, mama yake alipougua. Alifua yeye badala ya mama. Baadaye akaolewa na fundi baiskeli, na nyuma ya kibanda cha mumewe akakuta utajiri ambao hakuna mwingine aliyeuona: lundo la tyubu zilizotoboka.

“Kaka yangu alimposa kwa tyubu mbovu,” wifi anadakia. “Wengine waliletewa dhahabu, yeye viraka. Na akakubali mbio!”

“Nikatae nini? Kwanza kiraka sikitaki, kiraka hakivutiki. Nilimwambia nipe zisizo na kiraka.”

Ukuta wake wa kwanza ulikuwa wa kinyozi, na ulimwaibisha. Alikuza kichwa mara tatu, akanunua rangi mara tatu ya ile aliyotumia kwenye kibao kidogo. Rangi ikaisha kabla hajafika kwenye masikio. Urefu ulikuwa mara tatu, ni kweli, lakini na upana pia ulikuwa mara tatu, na ukuta hunywa rangi kwa vyote viwili: tatu mara tatu, tisa. Kinyozi alikaa na picha ya mtu asiye na masikio, na wateja wakaanza kumtania kwamba wembe wake umezidi ukali.

“Sasa hivi ukiniambia mara tano, mimi nishasikia ndoo ishirini na tano,” anasema. “Sikosei tena hapo.”

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Kwa asubuhi moja zinatoa kile ambacho yeye hukitolea jasho wiki nzima. Zamani alikuwa na kuta tatu hata nne kwa mwezi. Siku hizi mwezi ukimletea ukuta mmoja, malipo yake hutosha kodi ya nyumba na ada ya mtoto mmoja, na ada ya wa pili huangukia kibanda cha baiskeli.

Wapo wanaopenda kuandika matanga ya kazi za mikono kabla maiti haijapatikana. Wasije hapa. Mwanamke huyu hana msiba. Ukimtajia mashine, anaonyesha bango la plastiki lililotundikwa ng'ambo ya barabara, rangi yake imeliwa na jua, kona moja inapigapiga upepo kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

“Lile lilitundikwa mwaka juzi. Kinyozi wangu ana miaka kumi na mitano pale ukutani. Bila masikio, lakini yupo!”

*

Jumatano mambo yakaharibika.

Hadi jioni ya Jumanne, nusu ya juu ya uso ilikuwa imekwisha na imepakwa rangi: kitambaa cha kichwa, paji, kovu, macho yote mawili, pua. Mama Ukuta mwenyewe anakiri kwamba hajawahi kuchora macho kama yale. Yalibaki mashavu ya chini, mdomo na kidevu. Asubuhi ya Jumatano wakavuta mpira kama kawaida, nukta baada ya nukta, kisha akaziunganisha kwa chaki na kushuka kutazama kwa mbali.

Mlinzi wa lango ndiye aliyesema kwanza.

“Samahani, mama. Mmemchora mkunga au farasi?”

Uso ulikuwa umerefuka. Mstari wa taya ulishuka vizuri kutoka sikioni, ukafika katikati ya shavu, ukakatika, ukaanza tena chini zaidi, kama ngazi. Mdomo uliwekwa mbali na pua kiasi cha kutosha mtu kupitisha kikombe.

Mama Ukuta alikwenda moja kwa moja kwenye msumari.

“Wifi.”

“Naam.”

“Huu msumari ulikuwa hapa?”

Wifi akainamia karatasi.

“Wifi, nakuuliza.”

“Ulikuwa unachezacheza,” wifi akasema. “Jana ulipokwenda kukoroga rangi. Lipu ilikuwa inamomonyoka, tundu limekuwa bovu. Nikautoa nikaupigilia pazuri, hapo juu yake tu. Kidole kimoja! Nilitaka kukusaidia.”

“Kidole kimoja.”

“Kimoja tu, haki ya Mungu. Hata hakitimii.”

“Kidole chako kimoja kwenye msumari ni vidole vyangu vinne ukutani!” Sauti ilifika hadi dirisha la famasi, na foleni yote ikageuka. “Msumari ukipanda kidole kimoja, picha inashuka vitano, inapanda kimoja na msumari, vinabaki vinne. Kila mahali! Unajua Ijumaa anakuja nani hapa? Unajua ana siku ngapi za kuona?”

Wifi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa viganja. Muuguzi mkuu alitoka ofisini. Aliutazama ukuta kwa muda, akavaa miwani, akautazama tena.

“Hatuna siku ya kuanza upya,” akasema taratibu. “Kama haiwezekani, mniambie leo. Tutamwambia bado haijakamilika, aondoke tu na fremu yake.”

“Fremu asiyoiona?” Mama Ukuta akauliza.



Alipanda jukwaani peke yake. Aliweka vidole vinne vya mkono wake chini ya pale taya lilipokatika. Vikajaza nafasi ile kamili. Akaenda kwenye shavu la pili, vinne. Halafu akaishukia karatasi, akalinganisha mdomo wa ukutani na wa karatasini, kona kwa kona, mkunjo kwa mkunjo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mlango.

“Wifi, acha kulia. Inuka. Huu mdomo ni wake.”

“Wake vipi, na umefika shingoni?”

“Ni wake. Haukupinda, haukunenepa, haukukonda. Mpira ni uleule, mara tano ni ileile. Umekaa tu pasipo pake. Kitu kilichopotoka, unakitupa. Kilichohama, unakirudisha.”

Alikata kijiti cha urefu wa vidole vile vinne. Akampa wifi kitambaa chenye maji. Kila nukta ya chaki waliyokuwa wameiweka asubuhi ile, walisimamisha kijiti juu yake wima kwa kutumia uzi uliofungwa jiwe, wakaweka nukta mpya kwenye ncha ya juu, wakafuta ya zamani. Nukta haikuongezwa wala kupunguzwa. Uso uliokuwa umekuzwa, sasa ulikuwa unahamishwa. Somo la nne limekosewa, la kwanza likaja kulitibu.

Wifi alikuwa akifuta kwa kasi ya mtu anayelipa deni la aibu. Katikati ya kazi akaanza kunong'ona, kwa sauti ya kujitania mwenyewe:

“Msaada wa pupa, mwanangu, huzaa kilio;
mkono wa mtu huyu haupigi tena msumari huo.”

“Wacha mashairi,” Mama Ukuta akamkata, lakini alikuwa anacheka. “Shika uzi unyooke.”

Adhuhuri taya lilikutana na taya. Mlinzi wa lango aliitwa kuhukumu. Alisimama huku mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi wa gwaride.

“Huyu ndiye aliyempokea mwanangu,” akasema. “Sasa namjua. Hata ile namna anayokuangalia ukichelewa kulipia kadi.”

*

Ijumaa asubuhi ua umejaa. Wauguzi wamevaa sare zilizopigwa pasi, wazazi wamebeba watoto, foleni ya famasi imevunjika yenyewe. Jukwaa limeondolewa. Mama Ukuta na wifi yake wamesimama kando, rangi ikiwa bado kwenye kucha zao.

Mkunga anatoka wodini akiwa ameshikwa mkono na muuguzi mkuu. Anajua alichorwa kwenye karatasi, lakini habari ya ukuta hajaambiwa. Wanafika katikati ya ua, na muuguzi mkuu anamgeuza taratibu kuelekea ukutani.

Haoni mara moja. Anakunja uso. Anapiga hatua mbele, anasimama, anainamisha kichwa upande, anakinyoosha. Mtoto mmoja analia na kunyonyeshwa haraka. Wifi amemkamata Mama Ukuta kiwiko, amekibana mpaka ngozi imegeuka rangi.

“Kuna mtu pale,” mkunga anasema.

Anasonga tena. Mkono wake unapanda wenyewe hadi kwenye nyusi, pale kwenye kovu, na kidole kinakaa hapo.

“Huyu naye alipigwa teke,” anasema polepole. Kisha anaangua kicheko kinachomtikisa mabega. “Jamani, huyu ni mimi! Mbona nimezeeka hivi na hamkuniambia?”

Ua unalipuka kwa vigelegele. Muuguzi mkuu analia bila kujificha. Mkunga anasogea mpaka hatua tatu kutoka ukutani, anatembeza macho toka kitambaa hadi kidevu, kwa umakini uleule aliozoea kumkagulia mtoto mchanga, vidole vya mkono kisha vya mguu, kuona kama viko vyote. Halafu anageuka.

“Fundi yuko wapi?”

“Niko hapa, mama.”

“Umenichora vizuri. Pua ni yangu, mdomo ni wangu, hata ukali umeuweka. Lakini nikuulize.” Anainua mikono yake miwili hewani, mipana, yenye vifundo vilivyovimba. “Wale watoto wote niliwapokea kwa pua? Mikono yangu iko wapi?”

Kicheko kinapita uani kote. Mama Ukuta hacheki. Anaitazama mikono ile kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa kizuri.

“Haikuenea, mama,” anasema. “Ukuta huu ni mdogo kwa mikono hiyo.”

Muuguzi mkuu anafuta macho na kuelekeza kidole ng'ambo ya ua, kwenye ukuta wa wodi ya wazazi, mtupu, mweupe, mrefu mara mbili ya huu.

Jumatatu, anasema Mama Ukuta, atakaa tena na mkunga kwenye benchi. Mikono yote miwili, viganja juu, kama inayosubiri kupokea. Safari hii si mara tano. Anataka mara nane, na kwa hiyo anataka ukanda mrefu kuliko tyubu yoyote ya baiskeli, usio na kiraka. Mumewe ameshatumwa kwa mafundi wa malori. Rangi ameshaipiga hesabu kichwani: nane mara nane.

Lakini ukuta mkubwa ni kazi ya wiki nyingi, na muuguzi mkuu anauliza kwa sauti ya chini lile ambalo kila mtu analifikiria. Itakuwaje macho ya mkunga yakitangulia?

“Nimeshafikiria,” Mama Ukuta anamjibu, naye kwa sauti ya chini. “Mstari wa nje nitauinua kwa saruji, kuanzia pale mkono wake unapofika. Siku akishindwa kuona, atapapasa. Atajua ni yake.”

Mkunga, aliyekuwa akisalimiana na mzazi mmoja umbali wa hatua kadhaa, anageuza kichwa. Macho yamechoka, masikio hayajachoka.

“Binti,” anamwita, “wewe vuta mpira wako. Macho yangu niachie mimi.”